Kusugua Si Kutunza

Pikipiki ikipoteza mng'aro, lawama humwangukia mwenyewe: mvivu, mchafu, hajui thamani ya kitu chake. Sufuria ikifubaa, lawama humwangukia mwenye jiko, na mara nyingi hutoka kwa wakwe. Misumari ya shaba kwenye mlango wa kale wa Unguja ikigeuka kahawia, meneja wa hoteli humwita kijana wa usafi na kumkabidhi kopo la polishi. Nyuma ya lawama zote hizi kuna imani moja ambayo imezoeleka hata hakuna anayeihoji: kwamba mng'aro ndio afya ya chuma, kufifia ndio ugonjwa wake, na dawa ni mkono wenye nguvu ulioshika kitu kinachokwaruza.

Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu vyombo, fedha na jasho. Vyuma vingi vinavyochakaa kabla ya wakati katika nyumba, gereji na hoteli zetu vinauawa na watu wenye bidii. Mzembe anayekisahau chombo kibandani hukichelewesha kufa kuliko mchapakazi anayekiparura kila asubuhi. Najua kauli hii inakera. Lakini ukikitazama kile kinachong'aa kwenye bampa, bomba la maji au sufuria, na ukajua kimeundwaje, utaona kwamba haiepukiki.

Tuanze na kromu, maana ndiyo inayosuguliwa kwa ari kubwa kuliko zote na ndiyo inayohitaji kusuguliwa kidogo kuliko zote. Magari ya mwanzo ya Ulaya na Marekani yalikuwa na taa na rejeta za shaba ya njano, na shaba ilidai polishi bila kuchoka. Ikaja nikeli, ambayo nayo hupata unjano hafifu baada ya muda na kupoteza uhai wake, kwa hiyo kitambaa na polishi vikaendelea kuwa sehemu ya kumiliki gari. Katika miaka ya 1920, kazi ya Colin Fink na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilisaidia kuufanya uchovyaji wa kromu kwa umeme uwe shughuli ya kiwandani, na kabla ya muongo huo kwisha, watengenezaji wa magari walikuwa wakichovya taa, bampa na mapambo. Nikeli nayo iling'aa. Basi kwa nini waihame? Kwa sababu kromu iling'aa bila kusuguliwa. Maji na kitambaa vilitosha.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mtutu wa bunduki kisicholika upesi. Akayeyusha chuma chenye kromu asilimia 12.8, kisha akaona asidi za maabara hazikili kama alivyozoea. Sheffield ni mji wa visu, na visu vya wakati ule viligeuka vyeusi kila vilipokata ndimu, vikapelekwa kusuguliwa kwa unga wa msasa baada ya mlo. Chuma kipya, hiki tunachokiita stenlesi, kilimwondolea mtumishi wa jikoni kazi hiyo.

Kwa hiyo mtu anayesugua kromu au stenlesi anafanya kinyume cha sababu iliyofanya vitu hivyo vibuniwe. Wavumbuzi waliuondoa msasa jikoni na gereji. Sisi tumenunua walichokibuni, tena kwa bei, kisha tukaurudisha msasa kwa mlango wa nyuma.

Mtetezi wa kusugua atajibu kwamba historia ni historia, lakini kromu ni ngumu na haiwezi kuumizwa na dodoki la waya. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Kromu kweli ni miongoni mwa metali ngumu kabisa, ngumu kuliko chuma cha hilo dodoki. Lakini ipo kiasi gani? Kwenye madigadi ya bodaboda au bampa la gari, kilicho chini ni chuma cha kawaida. Juu yake kuna nikeli, kwa kawaida mikroni 5 hadi 40, kutegemea bei ya kitu na dhamiri ya kiwanda. Juu ya nikeli ndipo ilipo kromu, nayo unene wake huwa kati ya mikroni 0.1 na 0.5. Unywele wa kichwa cha mtu una unene wa mikroni kama 70. Yaani ungehitaji matabaka ya kromu zaidi ya mia kuyapanga moja juu ya jingine ili yafikie unene wa unywele mmoja. Ugumu wa kitu chembamba kiasi hicho hautegemei chenyewe tu. Unategemea kilichokibeba, na nikeli iliyokibeba ni laini kuliko chenyewe. Ukikandamiza kwa mchanga au dodoki, tabaka la chini hubonyea na la juu hupasuka.

Tena kromu ya mapambo haikuwahi kuwa nzima tangu siku inatoka kiwandani. Ina nyufa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kinachokizuia chuma kisioze ni nikeli; kromu ipo kuizuia nikeli isifubae na isichubuke. Hapo ndipo fundi wa mtaani anapokosea hesabu. Anaona doa lenye unjano kwenye rimu, anadhani ni uchafu sugu, anaongeza nguvu. Mara nyingi unjano ule ni nikeli yenyewe, imetokeza kwa sababu kromu imeshakwisha mahali hapo. Anapozidi kusugua anakula ngao ya mwisho, na kinachofuata ni kutu, ambayo nayo anaisugua. Mchovya asali hachovyi mara moja, walisema wahenga. Mchovya kromu alishachovya akaondoka, na tangu siku hiyo kila mkwaruzo unatoa, hauongezi.

Tazama pia jinsi kromu inavyokufa, kwa sababu hapo ndipo dawa ya kusugua inapoonekana haihusiani kabisa na ugonjwa. Maji yenye chumvi huingia kwenye nyufa. Yakiikuta nikeli, huanza kuila polepole. Yakiipita na kukikuta chuma, mambo hugeuka. Chuma na nikeli vikilowa pamoja, umeme mdogo hupita kati yao, na kinacholiwa ni chuma, tena haraka kuliko kingeliwa kikiwa peke yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokitafuna, hivyo huvimba na kulisukuma tabaka la juu mpaka livimbe kwa malengelenge na kubanduka. Ugonjwa uko chini na umeingia kwa chumvi na unyevu. Anayesugua juu anashughulikia dalili, na nyuzi za dodoki hunasa kwenye kingo za malengelenge na kuyafungua zaidi. Vipande vya waya vilivyokatikia ndani ya nyufa navyo huota kutu, na wiki inayofuata mwenye pikipiki anasema kutu imerudi. Haikurudi. Ameipanda mwenyewe.

Afanye nini basi? Aondoe chumvi, vumbi na mafuta kwa maji baridi na sabuni laini, aoshe hadi sabuni itoke yote, akaushe kabisa, kisha apake nta au mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa ili vitundu vizibwe. Madereva wa zamani wanaopitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye madigadi kabla ya msimu wa mvua wanafanya sayansi bila kuiita hivyo. Na kama vidoa vya kutu vimeshatokea juu, karatasi ya aluminiamu iliyolowa maji, ikipitishwa taratibu, huviondoa bila kuichubua kromu, kwa sababu aluminiamu ni laini mno kuliko hiyo kromu. Ekzosti iliyogeuka njano au bluu karibu na injini iachwe: hiyo ni rangi inayoletwa na joto, wala si uchafu.

Kuna dawa mbaya kuliko dodoki, nayo hupendwa kwa sababu inafanya kazi upesi. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya haidrokloriki. Ukizimimina kwenye bomba la bafuni lenye ukoko mweupe wa chokaa, ukoko hutoka mara moja na bomba linang'aa, na mtu anajisifu. Lakini asidi hiyo huyeyusha kromu. Mng'aro uliouona ni wa tabaka linaloondoka. Hali ni hiyo hiyo kwa maji ya betri ambayo baadhi ya waosha magari huyatumia kwenye rimu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa, kwa hiyo ukoko utarudi tu. Kitambaa kikavu kila baada ya kuoga huuzuia usijengeke. Ukishajengeka, siki iliyochanganywa na maji, kwa dakika chache, kisha kusuuzwa vizuri, inatosha. Anayefunga kitambaa chenye siki kwenye bomba usiku kucha ameigeuza dawa kuwa sumu.

Imani ya kusugua ina pacha wake: kwamba stenlesi haishiki kutu hata ufanye nini. Watu wawili wanaoamini mambo hayo hukutana kwenye sinki moja. Mmoja humwaga jiki ndani yake na kuacha nguo nyeupe zilowe hadi asubuhi, kwa kuwa stenlesi ni stenlesi. Mwingine, akiona vidoa vya kahawia, huchukua dodoki la waya. Wote wawili wanaliharibu.

Stenlesi haina ngao ya kuchovywa. Kromu imo ndani ya chuma chenyewe, angalau asilimia 10.5, na inapokutana na hewa hujitengenezea utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukiukwaruza, hujirudishia, mradi kuna hewa na maji safi. Adui wake mkubwa ni kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, maji ya bahari na jiki. Kloridi huutoboa utando kwa vishimo vidogo, na ndani ya kishimo hewa haifiki, basi utando haujirudishi na kishimo huendelea kuchimbika. Dodoki la waya linaongeza madhara mawili: linaacha chembe za chuma cha kawaida zinazoota kutu juu ya sinki lisilo na kosa, na linaacha mikwaruzo inayoshika chumvi, mafuta na mabaki ya chakula. Mama anayesugua sinki kwa ajili ya usafi analiachia uchafu mahali pa kujificha. Sabuni, sponji na maji mengi husafisha bila kuacha mikwaruzo hiyo.

Wauzaji nao hutumia sumaku kumshawishi mnunuzi: haishiki, basi ni stenlesi halisi. Sumaku haisemi hivyo. Aina inayoitwa 304, yenye kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, kwa kawaida haivutwi. Lakini aina ya 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na manganizi ikawekwa badala yake, nayo haivutwi, na hustahimili chumvi kidogo kuliko ile ya kwanza. Aina ya 430 inavutwa na ni stenlesi halali. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, swali la kumuuliza muuzaji ni kama ni 316, ambayo imeongezewa molibdenamu kwa ajili ya kloridi. Mnunuzi aliyejua hilo dukani hatalazimika kusugua nyumbani.

Na hapo tufike kwenye bahari yenyewe, kwa sababu mjadala huu ungekuwa mwepesi kama sote tungeishi Dodoma. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, kusi na kaskazi huleta chembe za chumvi hadi ndani ya veranda. Tazama reli za ngazi na mageti ya stenlesi kwenye nyumba za ufukweni: mara nyingi madoa ya kahawia huwa mengi chini ya paa, mahali ambapo mvua haifiki, kuliko sehemu inayonyeshewa. Mvua huosha chumvi, paa huihifadhi. Jambo hilo moja lingetosha kuuzima mjadala wote. Sehemu iliyopona haikusuguliwa na mtu yeyote. Ilioshwa tu, kwa maji yasiyo na chumvi, mara kwa mara. Anayetaka kuokoa reli yake anunue mpira wa maji.

Sasa sufuria, na hapa naingia pabaya, kwa maana sufuria imekuwa cheti cha tabia. Sufuria za aluminiamu zilizopangwa rafuni, zimesuguliwa ndani na nje hadi mtu ajione uso, zinamtangaza mwanamke mbele ya wageni kabla hajafungua mdomo. Binti anafundishwa mchanga, majivu na dodoki kabla hajafundishwa kuandaa bajeti. Anayeacha weusi chini ya sufuria anasemwa.

Aluminiamu nayo huishi kwa utando wake. Ikikatwa au kukwaruzwa, oksaidi hujitandaza juu yake papo hapo, nyembamba sana lakini imara, na huo ndio unaofanya isiliwe na hewa na maji. Majivu ya kuni yakilowa hutoa magadi, na magadi huyeyusha utando huo. Ndiyo maana sufuria iliyochemshiwa maharage yenye magadi hutoka imebadilika rangi, na ndiyo maana majivu yanang'arisha upesi: yanaondoa ngozi ya juu pamoja na masizi. Weusi unaobaki ndani baada ya kuchemsha maji mara nyingi ni oksaidi iliyonenepa kwa madini ya maji hayo. Hauna madhara, na mpishi anayeuondoa kila siku anailazimisha sufuria kutengeneza utando mpya kutokana na mwili wake mwenyewe. Sufuria nyembamba za siku hizi hazina mwili wa kutosha kwa mchezo huo. Zinatoboka, kisha tunalalamika kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Vya zamani vilikuwa vinene. Viliweza kuvumilia tabia ambayo vipya haviwezi.

Masizi ya nje yaoshwe, naam. Lakini kuna hila ambayo wapishi wa kuni wengi wanaijua: kupaka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiinjika. Masizi hukaa juu ya sabuni na hutoka kwa maji. Kwenye jiko la namna hiyo kuna usafi, kuna akili, na hakuna mchanga. Anayemhukumu mwenye jiko kwa kuwa sufuria yake imefubaa anamhukumu kwa kuiacha na afya yake.

Shaba inahitaji hoja ya pekee, kwa sababu watetezi wa polishi huiona kuwa ngome yao. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka uliofuata. Milango yao ya kuchongwa, ambayo mingine ina misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa vilivyochongoka, imekuwa sura ya mwambao mzima kwenye mabango ya utalii, na mgeni anatarajia shaba ile iwake. Hivyo inasuguliwa. Polishi huacha unga mweupe kwenye mzunguko wa kila msumari, unga unaoingia kwenye mti na kuukausha, na mafuta ya polishi huutia madoa. Kila msuguo unachukua shaba kidogo. Nakshi ndogo hupotea kwanza, kingo hufuata, na hatimaye kichwa cha msumari hubaki laini.

Makumbusho ya Lamu yana siwa ya shaba, baragumu ya heshima iliyopulizwa katika shughuli kubwa za mji. Thamani yake iko kwenye nakshi zake. Hakuna mhifadhi mwenye akili timamu atakayeikabidhi kwa mtu mwenye kopo la polishi na saa nzima ya kupoteza. Kama tunalielewa hilo kwa siwa, kwa nini hatulielewi kwa mlango?

Shaba nyekundu na ya njano zikiachwa hewani hujivika utando wa kahawia, na mahali penye unyevu mwingi utando wa kijani. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, imevishwa mabamba ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4 tu. Ilipoanza kugeuka kijani, kulizuka mpango, mwaka 1906, wa kuipaka rangi, na umma ukapinga. Wahandisi wa jeshi la Marekani walipouchunguza ukijani ule, waliona kwamba unalilinda bamba lililo chini yake. Sanamu haikupakwa. Imesimama bandarini, kwenye hewa ya chumvi, zaidi ya miaka 130, na ngozi yake nyembamba ingali pale. Kama ingesuguliwa ing'ae kama kitasa cha hoteli, tungekuwa na mifupa yake tu.

Sisemi kwamba kila ukijani ni rafiki. Unga wa kijani kibichi unaorudi mahali pale pale kila ukifutwa ni ishara kwamba kloridi imeingia ndani, na huyo ni mgonjwa wa fundi. Shaba ya njano iliyokaa kwenye maji ya bahari ikageuka ya waridi imepoteza zinki yake na imebaki sponji ya shaba isiyo na nguvu. Hakuna polishi itakayoirudishia zinki. Tofauti kati ya utando unaolinda na unaokula ndiyo elimu ambayo imani ya kusugua imetunyima, kwa kuwa yenyewe inaviona vyote kuwa uchafu.

Dawa zenyewe nazo zichunguzwe. Polishi kadhaa za shaba zina amonia. Enzi za ukoloni, jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya shaba ya njano yakipasuka yenyewe kwenye mazizi ya farasi yalimohifadhiwa wakati wa masika. Chanzo kikaja kujulikana kuwa ni amonia iliyotoka kwenye mikojo ya farasi: ikiungana na unyevu, hupasua shaba ya njano iliyokazwa kwa nguvu kiwandani. Kufuta kwa polishi na kusuuza mara moja hakutaleta maafa hayo, lakini kuacha mabaki yake kwenye viungio na mikunjo ya kitu kilichofinyangwa ni kutafuta ufa.

Zimebaki hoja tatu za upande wa pili, na sitazikwepa.

Ya kwanza ni nidhamu. Kambini na kwenye bendi za shule, shaba ya vifungo, ya mkanda na ya tarumbeta husuguliwa kila siku, na hakuna anayesema vifungo vimeharibika. Vimeharibika. Beji za kale za jeshi zilizosuguliwa kwa miaka zinatambulika kwa kufutika kwake: herufi zimelala, taji limekuwa kijivimbe. Katika kambi, kusugua ni zoezi la askari, na kifungo ni chombo cha zoezi. Kamanda yuko tayari kupoteza vifungo apate nidhamu. Je, mwenye bodaboda yuko tayari kupoteza rimu?

Ya pili ni soko. Pikipiki inayong'aa inauzika, isiyong'aa inapunguzwa bei. Ni kweli, na lawama ni ya mnunuzi. Anayelipa zaidi kwa kromu iliyotoka kusuguliwa jana analipia tabaka jembamba zaidi la kromu. Mnunuzi mjanja apitishe kidole chini ya madigadi na kwenye mikunjo ya rimu, ambako hakuna anayesugua, aone kama kuna malengelenge. Hapo ndipo pikipiki inaposema ukweli.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba kuna mahali kusugua ni lazima. Nakubali. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe lazima vikwanguliwe, umeme upite. Chuma kitakachopakwa rangi lazima kisuguliwe hadi kutu itoke, la sivyo rangi itabanduka. Dele la kahawa la shaba ambalo bati lake la ndani limekwisha lipelekwe kwa fundi litiwe bati upya, kabla halijatumika tena. Lakini tazama mifano hiyo: kila mmoja una sababu nyingine isiyo mng'aro, na kila mmoja huishia kwa kuweka ngao mpya: grisi, rangi, bati. Kusugua kunakoishia kwenye mng'aro mtupu kunaiacha metali uchi. Mnara wa Eiffel umedumu tangu 1889 kwa kupakwa rangi tena na tena, kila baada ya miaka saba hivi. Hakuna aliyewahi kufikiria kuung'arisha.

Wengine watajifariji kwamba kromu ikiisha itachovywa upya. Si rahisi hivyo. Uchovyaji wa kawaida hutumia kromu heksavalenti, ambayo wataalamu wa saratani duniani wanaihesabu miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na Umoja wa Ulaya umeiwekea masharti makali. Fundi anayeifanya kazi hiyo kwenye kibanda kisicho na kifyonza hewa anavuta mvuke wake, na maji machafu yakimwagwa mtaroni yanakwenda kwa jirani. Mawe yenye kromu huchimbwa zaidi Afrika Kusini kuliko nchi nyingine yoyote, na Zimbabwe nayo inayo kwa wingi. Kutoka mgodini hadi kwenye madigadi ni safari ya tanuru, umeme na sumu. Mtu aliyeisugua kromu yake ikaisha ndani ya miaka miwili ameitupa safari hiyo nzima, kisha anamtuma fundi mwingine aingie kwenye mvuke kwa niaba yake.

Ninachodai ni kwamba tubadili tunachokipima. Mwalimu wa ufundi awafundishe wanafunzi wake kuuliza kwanza: hiki ninachokishika kimechovywa, kimepakwa vanishi, au kinang'aa chenyewe? Kilichochovywa na kilichopakwa havisuguliwi, vinaoshwa. Kinachong'aa chenyewe kina utando unaokilinda, kinaoshwa pia. Meneja wa hoteli ampe kijana wa usafi ndoo ya maji yasiyo na chumvi, kitambaa kikavu na nta, amnyang'anye kopo la polishi, na asimkaripie mlango ukiwa kahawia. Wakwe wamwulize binti sufuria hii ameitumia miaka mingapi, kabla ya kuuliza kama wanaweza kujiona usoni mwake. Na mwenye bodaboda, akisifiwa kwa kung'aa kwa rimu zake, ajibu kwa kutaja mwaka aliozinunua. Sifa hiyo dodoki haliwezi kumpa.